Subaru Kuukuu kwa Fundi wa Nyumbani Malindi: Ipi Ununue Kwanza, Ipi Uiache

Mtu akinunua Subaru kuukuu hapa Malindi, wenzake humuuliza: "Injini vipi?" Ni swali la maana, ila mimi huliweka la pili. La kwanza ni huko chini, penye vumbi na grisi. Injini ya EJ, ukoo wa injini za Subaru nyingi za zamani, ikifa, utaagiza nyingine iliyotumika Japani kutoka Mombasa au Nairobi, italetwa, utaifunga. Bodi iliyoliwa na kutu haina spea. Ukiiunga leo mlangoni, mwaka ujao imetokea kwenye madigadi, na wewe unalipia welda badala ya kufurahia gari lako.

Pwani yetu haina huruma na chuma. Upepo wa kusi unaingia moja kwa moja kutoka baharini, na barabara ya kaskazini ndiyo hiyohiyo inayopitisha malori ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa mtu anayetengeneza gari lake mwenyewe wikendi, chini ya mwembe, kwa jeki, stendi mbili na sanduku la spana. Nimepima mambo matatu: gari linavumilia kutu kiasi gani, mkono unafika kwa urahisi gani, na spea zinapatikana vipi bila kungoja wiki tatu. Mbio sikuzihesabu.

Jua pia kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu liundwe. Maana yake, kila Subaru ninayoitaja hapa chini imeshakaa nchini miaka mingi na ina historia ya hapahapa. Namba ya usajili itakusaidia kuisoma: KBA ilianza 2007, KDA 2020. Gari la KAZ limekula barabara zetu karibu miongo miwili. Uliza limekula zipi. Likiwa limeishi Nakuru au Nyeri, chini yake huenda pakawa safi kuliko gari jipya zaidi lililoegeshwa miaka yote karibu na ufuo wa Silversands. Mimi nitalisafiria la bara bila kusita.

1. Forester SG5, lita 2.0 isiyo na tabo

Herufi kama SG5 ni mwanzo wa namba ya chesisi, na tabo ni kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi. Hii ndiyo chaguo langu la kwanza, na sioni ya kuishindania. Ilitoka Japani kati ya 2002 na 2007. Tafuta ile yenye injini ya SOHC, yaani kemshafti moja kila upande. Ukifungua boneti utaitambua kwa vifuniko vya tapeti vilivyo vyembamba. Vya DOHC, yenye kemshafti mbili kila upande, ni vipana, vinakaribia kabisa kuta za chesisi. Tofauti hiyo utaijua siku ya kubadilisha plagi. Kwenye SOHC unatoa betri upande mmoja, boksi la filta ya hewa na mabomba yake upande wa pili, unaingiza soketi ya milimita 16 yenye ekstensheni, na kazi inaisha kabla ya adhuhuri.

Belti ya taimingi nayo ni kazi ya kujifunzia. Kiwandani walisema ibadilishwe kila kilomita 100,000. Joto letu na umri wa mipira vinanifanya nisingoje zifike. Unaondoa feni za rejeta upate nafasi, unafungua boliti ya krenki ya milimita 22, unapanga alama za gia na za belti. Badilisha tenshena, puli na pampu ya maji siku hiyohiyo, kwa sababu belti mpya juu ya puli iliyochoka haina faida. Belti ikikatika kwenye injini hizi, vali hugonga pistoni, na hapo umetoka kwenye kazi ya wikendi ukaingia kwenye kazi ya kufumua silinda hedi.

Udhaifu wa SG ni beringi za magurudumu ya nyuma, ambazo huanza kuunguruma kama tairi lililoliwa vibaya. Hizi huhitaji presi, kwa hiyo ng'oa mwenyewe kisha upeleke kwenye karakana yenye presi. Baadhi zina shoki za nyuma zinazojinyanyua zenyewe gari likipakiwa mzigo. Zikichoka, gari hukaa limechuchumaa nyuma. Usihangaike kutafuta za aina hiyo; funga shoki na springi za kawaida za Forester, zote kwa pamoja.

2. Impreza wagon GG3, lita 1.5

Kwa anayeanza kabisa, na kwa mwenye pesa kidogo, ningeweza hata kuiweka juu. Injini ya EJ15 ni ndogo, tundu la silinda ni milimita 85 tu, na kuna nafasi ya kutosha ya kufanyia kazi. Spana inaingia, mkono unazunguka. Spea zake nyingi zinaingiliana na za ndugu zake.

Tatizo ni nguvu. Ukiwa na abiria wanne na magunia mawili ya mahindi kutoka Marafa, utaibembeleza mlimani. Nayo iko chini kuliko Forester, kwa hiyo njia za ndani za Magarini mvua za masika zikinyesha si mahali pake. Kwa mtu wa mjini, wa kwenda Watamu na Kilifi, inatosha sana. GG2 ni ileile ila inavuta kwa magurudumu ya mbele tu: vitu vichache vya kuharibika, na mimi sioni aibu yoyote kumshauri mtu aichukue.

3. Legacy wagon BH5 na BP5, lita 2.0 SOHC

BH ni ya 1998 hadi 2003, BP ya 2003 hadi 2009. Ndani ni starehe kushinda zote nilizotaja, na kwa safari ya Mombasa na kurudi siku moja mgongo utakushukuru. Injini ni ukoo uleule wa SG, kwa hiyo ukijua moja umejua nyingine. BP imefungwa vizuri zaidi na mara nyingi bodi yake huwa nzima kuliko ya BH. Naziweka za tatu kwa sababu ya uchini wake na kwa sababu wauzaji wengi huchanganya: gari linaitwa "Legacy tu", kumbe ni tabo. Soma bati la chesisi na uangalie injini kwa macho yako.

4. Forester SH

Ni gari zuri sana, la juu, pana, na gia otomatiki ya hatua nne tuliyoizoea. SH5 ya mwanzo ina EJ204 yenye kemshafti nne, kwa hiyo plagi na taimingi ni kazi ya mtu aliyekwisha kuzoea. Kuanzia mwisho wa 2010 iliingia injini ya FB20, ambayo chesisi yake huanza na SHJ. Hii ina cheni, huna habari ya belti. Ila FB za mwanzo zilijulikana kwa kula oili, hata wamiliki wa Marekani wakaipeleka kampuni mahakamani. Chomoa kijiti cha oili kabla ya chochote, kisha uliza ni lini mara ya mwisho kuongezwa. Bei yake bado iko juu, na ndiyo iliyoishusha hapa.

5. Forester SF5

Naipenda. Ilianza 1997, ya lita 2.0 bila tabo ni rahisi kuliko zote kushika. Lakini umri umefika. Mipira imekauka, bushi zimekwisha, plastiki za ndani zinavunjika ukizigusa, na kutu imepata muda wa kutosha. Ukiipata kutoka bara, mmiliki mmoja, chini pakavu, ichukue siku hiyohiyo. Iliyokulia hapa pwani sikushauri.

6. Tabo, na zote za lita 2.5

Forester XT, Legacy GT, Impreza WRX: najua zinavyovutia. Kwa gari la pili la mtu mwenye uzoefu, sawa. Kwa gari la kujifunzia, hapana. Tabo inataka oili safi, kwa wakati, bila mjadala, na gari kuukuu la tabo karibu kila mara limepitia mikono ya mtu aliyelikimbiza bila kulihudumia. Legacy ya zamani yenye tabo mbili ina utitiri wa mabomba ya vakyumu kiasi kwamba kutafuta tobo moja kunakula mwezi.

Lita 2.5 za zamani zina shida yake inayojulikana duniani kote: gasketi za silinda hedi. Tundu la silinda ni milimita 99.5, dhidi ya 92 za lita 2.0, hivyo ukuta uliobaki wa kukalia gasketi ni mwembamba. Zikitengenezwa vizuri, kwa gasketi za chuma za matabaka na hedi zikasawazishwa, hudumu. Nunua tu ile yenye ushahidi kwamba kazi hiyo imefanywa.

Ukienda kuiona

Nenda asubuhi, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Unataka kuona kulanti ya rangi yake, kijani au buluu. Ukiona maji ya rangi ya chai, gari limekuwa likinyweshwa maji ya bomba au ya kisima, na visima vyetu vingi vya pwani vina chumvi. Chumvi hiyo hula alumini kutoka ndani, na bloku na silinda hedi za injini hizi ni za alumini.

Kisha iwashe, washa esi, iache jua la saa sita liipige huku ikinguruma palepale. Tazama chupa ya maji ya akiba. Mapovu yanayopanda bila kukoma ni moshi wa silinda unaopenya kwenye maji: gasketi imekwenda. Mshale wa joto ukipanda, ukashuka, ukapanda tena, kuna hewa ndani, na lazima ujue imeingiaje. Uliza pia kama thamostati, vali inayodhibiti joto la maji ya injini, ipo. Mafundi wengi huing'oa wakidhani wanaisaidia injini ipoe. Hukaa chini, kwenye mpira wa maji unaorudi kutoka rejeta, na ile halisi ni kubwa kuliko nakala za bei rahisi. Hapa usibane pesa.

Baada ya hapo ingia chini. Kwenye SG na SF shika bomba la kujazia petroli nyuma ya gurudumu la nyuma, ambalo limefichwa na plastiki na huoza kimyakimya. Harufu ya petroli ukijaza tanki ndiyo dalili. Gonga kwa bisibisi ukingo wa kizingiti cha mlango panapopachikwa jeki. Inua zulia la buti uangalie juu ya shoki za nyuma. Fuata mabomba ya breki kwa kidole hadi mwisho. Mchanga mweupe kwenye shimo la tairi la akiba au ndani ya matundu ya chesisi unakuambia gari limekuwa likiendeshwa ufukweni, Mambrui au kwingineko, na maji ya bahari yameingia usipofika wewe.

Magurudumu manne. Yawe saizi moja, aina moja, na yamelika sawa; mzunguko usipishane zaidi ya milimita 6 hivi. Tofauti kubwa huchosha mfumo wa kugawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Jaribio ni rahisi: mahali pagumu, tambarare, kata usukani wote, nenda taratibu. Gari likijifunga na kurukaruka kama limekanyagiwa breki, mfumo huo una shida. Kwenye otomatiki nyingi za hatua nne kuna nafasi ya fyuzi iliyoandikwa FWD, yaani kuvuta kwa magurudumu ya mbele tu, kwenye boksi la chini ya boneti. Chomeka fyuzi, taa ya FWD iwake kwenye dashibodi, ujaribu tena. Likiachia, solenoidi na klachi ya nyuma bado zinatii. Lisipoachia, hesabu gharama ya kufungua nyuma ya giaboksi, au ondoka.

Mambo ya spea: filta, plagi, pedi za breki na bushi utazipata hapa mjini au Kilifi. Seti ya taimingi na thamostati mimi huagiza Mombasa au Nairobi, huja na parseli za basi. Mtumie muuza spea namba kamili ya chesisi, usimwambie "ya Forester".

Mwisho ni karatasi. Fanya utafutaji wa umiliki wa NTSA kupitia eCitizen kabla hujatoa shilingi. Linganisha namba ya chesisi na ile iliyopigwa kwenye chuma. Kwa SF, SG na BH iko kwenye ukuta unaotenga injini na kabini. Soma namba ya injini pia, maana nyingi zimebadilishwa, na namba mpya inatakiwa iwe kwenye kumbukumbu. Kisha omba risiti ya belti ya taimingi. Kama haipo, ichukulie haijabadilishwa, na gharama ya seti nzima uitoe kwenye bei mkiwa bado mnazungumza.