Siku tatu Chole na mama yangu: nyumba ya wageni, mashua na popo

Likizo ya Juni nilimpeleka mama Chole, kile kisiwa kidogo kinachotazamana na Utende upande wa mashariki wa Mafia. Mama ni mtu wa Iramba, Singida, ana miaka sabini na magoti yanamsumbua. Alitaka kuona bahari mahali pasipo na kelele. Chole hakuna gari hata moja, kwa hiyo hilo alilipata.

Safari yenyewe ni ndefu. Basi la alfajiri kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Nyamisati, meli hadi Kilindoni (sisi tulikaa baharini saa tatu na kitu), halafu bajaji hadi Utende. Pale getini unalipa kiingilio cha Hifadhi ya Bahari. Raia analipa kidogo kuliko mgeni, ila kitambulisho uwe nacho mkononi, na risiti usiitupe.

Lalamiko langu ni moja na ni kubwa. Dalali aliyetupangia safari alituambia mashua zinavuka muda wowote. Tulifika Utende maji yamekupwa, tena siku za bamvua, maji yanapotoka mbali zaidi, mashua imekaa mbali kule na kati yetu ni tope, mawe na majani ya bahari. Mama alisimama ufukweni ameshika viatu mkononi, hasemi kitu. Kijana mmoja wa mashua akaja, akamwamkia, akachuchumaa akasema, "Panda mgongoni, bibi, mimi mjukuu wako." Akambeba hadi kwenye mashua na hakutaka hela ya ziada, tulilipa nauli ileile waliyolipa wanakijiji tuliovuka nao. Kwa hiyo ukiwa na mzee, piga simu kwa mwenyeji wako kisiwani umuulize maji yanajaa saa ngapi. Dalali wa mjini hayajui hayo.

Tulifikia kwa mama mmoja mwenye vyumba vitatu nyuma ya nyumba yake. Sisi tulimwita Bi Mkubwa. Chumba ni 30,000 kwa usiku pamoja na chai ya asubuhi. Kitanda ni cha mbao, shuka zinanukia jua, chandarua kizima, taa ni ya sola. Choo kiko nje, hatua kama ishirini, na usiku unahitaji tochi. Maji ya kuoga ni ya kisima, yana chumvichumvi, sabuni haitoi povu. Mlango wa chumba chetu komeo lilikuwa bovu; nilipomwambia, kabla ya magharibi fundi alishaleta jipya. Chakula cha mchana na jioni unaagiza asubuhi, kwa sababu samaki ananunuliwa siku hiyohiyo. Siku ya pili tulipata changu wa kupaka na wali wa nazi. Tui lilikuwa zito, limekolea ndimu na pilipili, na samaki ameungua kidogo pembeni kama anavyotakiwa. Mama, ambaye nyumbani anakula kwa kulazimishwa, aliomba ukoko.

Kijana wa jirani alituzungusha kijijini. Magofu ni ya kuona. Wasakalava kutoka Madagaska walipoishambulia Kua, kisiwa cha jirani cha Juani, mwanzoni mwa karne ya 19, mji ulihamia Chole. Baadaye Wajerumani nao wakaweka ofisi zao hapa, hadi mwaka 1913 walipohamia Kilindoni. Sasa mizizi ya miti imezikumbatia kuta kiasi kwamba ukiikata, ukuta utaanguka.

Popo wa Chole ni wakubwa, wana sura kama ya mbweha, wananing'inia mchana kwenye miti mirefu wakigombana. Ni popo wa Komoro, na kwa Tanzania nzima wako Mafia tu. Jua likizama wanaondoka mmoja mmoja, kisha kundi, kimya kabisa juu ya vichwa vyenu. Msiwapigie makofi ili waruke. Niliona wageni wanafanya hivyo na iliniuma.

Lakini kama una saa moja tu Chole, nenda kwa mafundi wa majahazi. Tulimkuta mzee anakalafati, yaani anaziba nyufa za chombo maji yasiingie. Anachukua pamba yenye mafuta, anaisokota pajani mpaka iwe kamba nyembamba, anailaza kwenye upenyo kati ya mbao mbili, halafu anaishindilia kwa patasi butu: ko, ko, ko. Pamba ikishashiba, mlio unabadilika, unakuwa mzito, naye anasogea kidole kimoja mbele. Hakuwa anatazama, alikuwa anasikiliza. Pembeni kijana anatoboa mataruma, zile mbavu za chombo, kwa keekee, upinde unakwenda na kurudi. Tulipewa gogo la kukalia na hakuna aliyetuomba kitu. Niliacha hela ya chai, na ninaomba kila anayekwenda afanye hivyo, maana unawakatisha watu kazi.

Atakayefuata papa potwe asije Juni. Wao wanaonekana upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari.

Siku ya mwisho sikutoka. Mama na Bi Mkubwa walikuwa barazani tangu chai, miguu wameinyoosha, ukindu katikati yao. Mama anajua kusuka vikapu vya kwetu, lakini ukili, ule ukanda unaoshonwa kuwa mkeka, ulimshinda mara ya kwanza na ya pili, Bi Mkubwa akawa anamfumulia taratibu na kumrudishia, "Anza tena, dada." Kufikia adhuhuri alikuwa ametimiza kama pima moja. Hakuubeba. Ameuacha umeviringwa juu ya kabati la Bi Mkubwa, na chumba cha Desemba tumeshakilipia nusu.