Kadi ya pointi ya supamaketi: inalipa kiasi gani hasa?

Kadi ya pointi ni punguzo dogo linalocheleweshwa. Ukiichukua hivyo, inafaa kukaa mfukoni. Ukiigeuza akiba, utapata hasara, kwa sababu akiba hii haina riba, ina tarehe ya kufa, na thamani yake hupangwa na mwenye duka peke yake.

Kila kadi ina viwango viwili, lakini bango la mlangoni kwa kawaida hutangaza kimoja tu. Cha kwanza ni cha kupata: tuseme pointi 1 kwa kila mia unayotumia. Cha pili ni cha kutumia: pointi hiyo inalipia kiasi gani kaunta. Ikilipia 1, umerudishiwa asilimia 1. Ikilipia nusu, ni asilimia 0.5, hata kama salio lako linasomeka maelfu. Pointi nyingi si lazima ziwe fedha nyingi. Ndiyo maana kadi ya duka lenye bei ya juu kwa asilimia 3 haikuokolei kitu. Unalipa 3 ili urudishiwe 1.

Kiwango halisi huwa chini zaidi ya hicho, kwa sababu mashine nyingi hukata mabaki. Bili ya 199 inatoa pointi 1, na zile 99 hazihamii bili inayofuata. Manunuzi matatu ya 180, 170 na 150 yanakupa pointi 3. Yaleyale yakiwa kwenye risiti moja ya 500, yanakupa 5. Anayepita dukani kila jioni kununua vitu viwili vitatu ndiye anayepoteza zaidi, ilhali ndiye mteja mwaminifu kuliko wote.

Kuna pia bidhaa zisizohesabiwa. Sigara, muda wa maongezi, kadi za zawadi na malipo ya bili za huduma mara nyingi huachwa nje, kwa kuwa faida ya duka humo ni nyembamba au sheria inakataza kuzipigia debe. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga nayo huachwa katika baadhi ya nchi: kanuni ya kimataifa iliyopitishwa na mkutano wa Shirika la Afya Duniani mwaka 1981 inapinga kuyauza kwa zawadi na vocha za punguzo. Kabla ya kumlaumu keshia, angalia kama bili yako imejaa vitu vya namna hiyo.

Kwenye kaunta, kadi itangulie. Itoe kabla keshia hajafunga bili. Malipo yakishapita, muamala umefungwa na keshia wengi hawana ruhusa ya kuufungua; utaambiwa uende huduma kwa wateja na risiti. Karatasi ya risiti huandikwa kwa joto na maandishi yake hufifia, kwa hiyo ipige picha siku hiyohiyo. Ukitumia programu ya simu badala ya kadi, ongeza mwanga wa kioo. Hata hivyo, visomaji vya zamani vya leza mara nyingi hushindwa kusoma mistari iliyo kwenye kioo cha simu, na hapo utalazimika kutaja namba. Mtandao ukikatika, mashine nyingi huhifadhi pointi na kuzituma baadaye, basi mpe mfumo siku moja kabla ya kulalamika. Kutumia pointi wakati huo ndiko kugumu, maana salio haliwezi kuthibitishwa.

Kisha soma risiti. Mistari ya chini kabisa huonyesha tarakimu za mwisho za kadi, pointi za leo na salio. Tarakimu zisipokuwa zako, huenda pointi zimeingia kadi nyingine. Ni wizi mdogo unaojulikana: keshia anapitisha kadi yake au ya rafiki yake kwenye bili ya mteja aliyesema hana kadi.

Shida kubwa iko kwenye kukomboa, yaani kutumia pointi kulipia bili. Haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba hiki kina tundu chini. Chukua kadi yenye kima cha chini cha kukomboa cha pointi 500, ambapo kila pointi hufa miezi 12 baada ya kupatikana. Anayetumia 4,000 kwa mwezi anapata pointi 40, yaani 480 kwa mwaka. Mwezi wa 13 anaongeza 40, na 40 za mwanzo zinakufa. Atabaki kwenye 480 miaka nenda rudi bila kukomboa hata mara moja! Angetumia 4,200 kwa mwezi, angefika 504. Kwa hiyo katika vigezo na masharti tafuta neno moja: je, muda unahesabiwa tangu pointi ilipopatikana, au tangu kadi ilipotumika mara ya mwisho? Aina ya pili ni nafuu sana, kwani ununuzi mdogo tu huamsha salio lote. Duka halina haraka ya kukukumbusha: kihasibu, pointi ambazo hazijatumika ni deni lake kwako, na zikifa deni linageuka mapato.

Ukifika kima, komboa. Sehemu ya bili iliyolipwa kwa pointi kwa kawaida haizai pointi mpya, hivyo siku za pointi mara mbili lipa fedha, na pointi zitumie siku za kawaida. Ukirudisha bidhaa uliyoilipia kwa pointi, uliza zitarudi na tarehe ipi. Zikirudi na ile ya zamani, huenda zimeshakufa.

La mwisho ni namba ya simu. Kadi nyingi hulindwa kwa meseji ya namba ya siri inayotumwa kwenye laini uliyojisajili nayo. Laini ikikaa bila kutumika, kampuni ya simu inaweza kumpa mtu mwingine, na meseji zitamfikia yeye. Badilisha namba kwenye akaunti ungali na laini ya zamani mkononi. Ukishaipoteza, nenda kaunta ya huduma na kitambulisho chenye jina lilelile ulilojisajili nalo, herufi kwa herufi.