Nairobi hadi Addis Ababa: saa mbili angani, na saa mbili iliyonichanganya

Kahawa ya Jaws Corner, baraza letu la Mji Mkongwe Unguja, haikosi wajuzi. Nilipowaambia nakwenda Addis Ababa, mmoja akaapa ni saa tano angani, mwengine akasema ni pua na mdomo. Sasa nimekwenda na kurudi.

Kutoka Unguja nilipitia Nairobi. Kipande hicho ni saa moja na kidogo. Kaa kushoto, wingu likikuonea huruma utauona Mlima Kilimanjaro. Nairobi hadi Addis ni kama kilomita 1,160 kwa njia ya anga, takriban saa mbili. Kwa gari kupitia Moyale ni zaidi ya kilomita 1,500, na hapo mgongo utakusimulia. Ndege yenyewe sina la kuilaumu: kiti cha kawaida, wali vuguvugu, wahudumu wenye adabu. Kilichonichosha ni kukaa Nairobi karibu saa sita nikingoja ndege ya pili, maana nilikimbilia tiketi rahisi. Kwa hiyo unaponunua, tazama na muda wa kungoja katikati. Naipa safari nyota nne. Ya tano niliiacha kwenye viti vya chuma vya Nairobi.

Kadi ya homa ya manjano ichukueni. Sweta pia, tena si la mapambo. Bole, uwanja wa ndege wa Addis, uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Mimi mtu wa Malindi ya Unguja, pwani kabisa, ngazi moja tu nikawa nahema kama nimepanda mnazi.

Sasa mkasa wenyewe. Addis na Unguja majira ni yale yale, saa ya mkononi huigusi. Hilo nilikuwa nalijua. Nisilolijua ni kwamba Waethiopia nao wanahesabu saa kama sisi, kuanzia alfajiri: saa moja yao ndiyo saa moja yetu. Dereva akaniahidi kwa Kiingereza kwamba kesho atanipeleka soko la Merkato saa mbili. Mimi nikajifanya msafiri mjuzi. Kwa kuwa tunasema Kiingereza, nikaigeuza kama tunavyozoea: mbili ya Kizungu ni saa nane mchana. Nikalala zangu. Asubuhi simu inalia, bwana yuko nje kitambo, mimi nina kikoi na mswaki mdomoni. Nilimwomba radhi mpaka tukafika sokoni. Alicheka sana nilipomweleza kwamba kwetu ni vile vile, akawa ananijaribu njia nzima: na adhuhuri je? Saa sita. Na magharibi? Kumi na mbili.

Siku ya kuondoka alichukua tiketi yangu, imeandikwa 10:30. Akaitazama, akasema kwa Kiingereza chake, nne na nusu.

Nikamwambia ndiyo, saa nne u nusu, twende.