Tamasha la Mikindani: nyimbo zilikuwa na meno, maiki ndizo zilizotuangusha

Waliofunika tamasha zima ni akina mama wa Tandahimba. Nalisema hilo mapema kwa sababu wengi waliokuja usiku hawakuwaona kabisa. Walipandishwa saa nane mchana, jua la Mikindani, hapa Mtwara, likiwa utosini, na uwanjani tulikuwa sisi wachache, watoto wa shule na wauza barafu. Waliingia na kanga za sare, kila mmoja na bakuli la plastiki mkononi. Msimu huu wa korosho, ukimwona mtu wa Tandahimba na bakuli huna haja ya kuuliza wimbo ni wa nini. Ni kangomba, yule mlanguzi anayenunua korosho za mkulima kwa bakuli nje ya utaratibu.

Mmoja wao alivaa koti la kiume na kofia, akawa ndiye mnunuzi. Bakuli lake lilikuwa limepashwa moto likavutwa mpaka likawa karibu beseni. Anachota korosho, anajaza mpaka zinamwagika, analipa bei ya bakuli moja, kisha anazoa na zile zilizoanguka chini. Wenzake wanamjibu kwa kugonga matako ya mabakuli yao kwa vijiko. Ngoma haikuwepo hata moja. Mdundo wote ulikuwa wa vijiko na miguu, na ulikaa sawasawa, hauendi mbio wala haulegei.

Kama wangeishia hapo, ungekuwa wimbo wa kuwafurahisha maafisa, maana kangomba kila mtu anaruhusiwa kumsema. Hawakuishia hapo. Bibi mmoja mwenye sauti ya kukwaruza alisogea mbele na bakuli lililojaa, akaanza kutaja makato ya mkulima anayefuata utaratibu na kupeleka mzigo ghalani. Kila kato likitajwa, ushuru, usafiri, magunia, la chama na la nani sijui, mwenzake anapita na kuchota korosho kwenye bakuli lake. Alipomaliza orodha akalipindua bakuli tuone kilichobaki. Zilianguka punje za kuhesabu. Waliokuwa wanacheka kangomba wakanyamaza, halafu mzee mmoja akatoka na elfu tano akambandika bibi kwenye paji la uso. Kuna na kipande walichopiga kwata kidogo, miguu juu, na wakulima waliokuwepo waliangua kicheko bila kuelezwa. Hakuna mtu wa huku aliyesahau 2018, serikali ilipotangaza kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaingia vijijini.

Kwa ambaye hakupita: tamasha ni la kikundi cha watu wa mtaani, vijana kwa wazee, si la kampuni ya matangazo. Bango lilisema ngoma na nyimbo za asili, na mazungumzo ya jamii kuhusu gesi, korosho, ardhi na maji. Mchana bure, usiku kiingilio 2,000, kiti cha mbele 5,000. Tuliozoea tamasha la MaKuYa pale Mtwara mjini tumezoea ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao zikipishana jukwaani kwa mpangilio wa kueleweka. Hili la Mikindani ni dogo kuliko hilo, ila lina mdomo zaidi. Na tamasha lenye mdomo linahitaji jambo moja kabla ya mengine yote: maneno yasikike.

Sasa niwe wazi. Mimi kazi yangu ni mitambo. Nakodisha spika na maiki kwenye harusi, maulidi na mikutano, mjini mpaka Nanyamba. Kazi ya tamasha hili niliiomba nikakosa, kwa hiyo mwenye kutaka kunipunguzia maksi kwa sababu hiyo anipunguzie tu. Lakini masikio ni masikio.

Baada ya akina mama alipanda babu mmoja wa Newala na zeze lake. Huyu ndiye niliyemwonea huruma. Zeze ni kibuyu, ni waya, ni upinde. Sauti yake ni nyembamba na inataka utulivu. Fundi akamwekea maiki moja mdomoni na zeze lenyewe hakuliwekea kitu. Nyuma ya jukwaa, hatua chache tu, jenereta linaunguruma. Fundi alipoona sauti haitoshi akapandisha, maiki ikapiga mluzi. Akashusha, babu akapotea. Akaongeza eko, na hapo ndipo alipoua kila kitu, kwa sababu nyimbo za babu ni za kusimulia. Mtu anasimulia kisa, halafu kila neno linarudi mara tatu. Nilisogea mpaka chini ya jukwaa ndipo nikaelewa anachoimba. Ni wimbo wa maji. Anataja kila mgombea aliyewahi kufika kijijini kwao na ahadi ya bomba, hawataji kwa majina, anawataja kwa gari walilokuja nalo. Wa kwanza alikuja na Land Rover, wa pili na Land Cruiser, wa mwisho alikuja na msafara na hakushusha kioo. Na kila baada ya mgombea, mke wa mwimbaji anashuka bondeni na ndoo. Waliolelewa juu ya nyanda za Makonde wanajua kushuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani kukoje. Wimbo mzuri vile, na waliokaa safu ya tatu kwenda nyuma walisikia jenereta.

Kilichofuata ndicho kilichonikera zaidi, na hiki hakina uhusiano na mitambo. Kikundi cha Msimbati kilipanda na wimbo wa gesi. Mtu asiye wa huku ajue kwamba gesi ya Mnazi Bay, palepale Msimbati, iligunduliwa 1982, kwa hiyo pale kuna watu wazima wenye wajukuu ambao hadithi hiyo wameisikia tangu wakiwa watoto. Na mwaka 2013, wakati wa sakata la bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, mji huu ulipitia mambo ambayo bado watu wanayasema kwa sauti ya chini. Kulipandisha jukwaani si jambo dogo. Walianza taratibu, mistari miwili miwili, mwanamume anauliza na wanawake wanajibu. Anauliza mtoto amezaliwa mwaka gani, wanajibu mwaka gesi ilipoonekana. Anauliza ameoa mwaka gani. Anauliza anapikia nini. Wanajibu: kuni. Uwanja ulikuwa umeanza kujaa, watu wakaanza kuitikia lile jibu la kuni, na mimi nikasema haya, sasa tamasha limeanza.

Mshereheshaji akapanda jukwaani katikati ya ubeti. Mgeni rasmi amefika. Kikundi kikaombwa kipishe, makofi yapigwe, itifaki izingatiwe. Mgeni rasmi alichelewa yeye, aliyekatwa ni Msimbati. Hotuba ikachukua muda wa vikundi viwili. Na hapa ndipo nilipocheka peke yangu kama mwehu: maiki ya hotuba ilikuwa safi kabisa. Hakuna mluzi, hakuna eko, hata jenereta lilisogezwa. Kumbe lilikuwa linasogezeka! Alipomaliza, Msimbati hawakurudishwa. Ratiba ilikuwa imebana, tukaambiwa.

Sijui nani aliamua hivyo na sitaki kumtafuta mtu. Ila huwezi kuandika mazungumzo ya jamii kwenye bango halafu ukamkata mwananchi anayeulizia haki yake ili aliyealikwa kumsikiliza apate nafasi ya kuongea. Mgeni rasmi angekaa kwenye kiti chake, akapewa maji, akasikiliza wimbo mpaka mwisho. Pengine hata yeye angependa.

Jioni mambo yalipona, na yalipona kwa bahati. Kikundi cha mapiko, ile ngoma ya barakoa ya Wamakonde, kilifika na vinganga vyao. Kinganga ni kile kingoma chenye mguu mmoja mrefu uliochongoka. Hukishiki wala hukilazi, unakichomeka ardhini kinasimama chenyewe. Jukwaa lilikuwa la mbao juu ya vyuma, limetandikwa zulia jekundu. Kiongozi wao alijaribu kukichomeka, akatazama zulia, akatazama wenzake, wakashuka wote. Wakaenda kwenye mchanga upande wa minazi, wakakoka moto wa makuti, wakapasha ngozi zikaze, mmoja akawa anagonga kwa vidole na kusikiliza, anairudisha motoni, anagonga tena. Waya za fundi hazikufika kule. Wakapiga bila maiki hata moja.

Hiyo ndiyo iliyokuwa sauti bora ya siku nzima, na naisema mimi ninayekula kwa kukodisha spika. Kila ngoma ilikuwa na mahali pake. Vile vidogo vinatatarika juu, kubwa linajibu kutoka chini, na katikati unasikia njuga za lipiko, mchezaji wa barakoa, kabla hujamwona. Kusini hii ndiyo iliyomtoa Mzee Morris Nyunyusa, yule kipofu aliyezipiga ngoma nyingi peke yake mpaka mlio wake ukawa wa kutangulia taarifa ya habari ya Redio Tanzania. Ukiisikiliza ile rekodi, kila ngoma inajitaja. Fundi anayeweka besi ya singeli kwenye ngoma za Kimakonde angeisikiliza kwanza.

Lipiko alitoka nyuma ya minazi. Barakoa ilichongwa uso mnene wa mheshimiwa, miwani imepakwa rangi nyeusi, mashavu yamejaa, na kwenye sikio kimeshikizwa kipande cha mbao mfano wa simu. Mwili umefungwa nguo mpaka vidoleni, huwezi kujua ni nani ndani, na huo ndio utaratibu wenyewe. Alicheza kutembea kwake: hatua mbili, anasimama ghafla na ngoma, mabega yanatetemeka, anasikiliza simu, anageuza shingo kumtazama mtu mmoja aliyekaa, halafu anampa mgongo. Akina mama wakakimbia kama inavyotakiwa, watoto wakakimbia kwelikweli. Alipofika mbele ya viti vya elfu tano alisimama, akapokea simu kwa muda mrefu kuliko kawaida, akatikisa kichwa na kuondoka. Hakuna neno lililosemwa, na kila mtu alielewa. Ng'ambo ya Ruvuma, kule Mueda, wachongaji waliwahi kumweka Mreno kwenye barakoa kwa namna hiyohiyo, kwa hiyo mheshimiwa wa leo asijione ameonewa.

Usiku ulikuwa na msanii kutoka Dar aliyejaza nusu ya bango. Aliimba juu ya sauti yake mwenyewe iliyokuwa kwenye flashi, nyimbo tatu za mapenzi, akaondoka na walinzi. Vijana walifurahi, picha zilipigwa, basi.

Aliyestahili ile nusu ya bango ni kijana wa singeli wa hapahapa, dereva wa bodaboda. Kabla hajaanza alimwendea fundi, nikamwona ananyoosha kidole kwenye mikisa. Alikuwa anaomba besi ipunguzwe. Mwanasingeli anaomba besi ipunguzwe! Wimbo ulikuwa wa mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kuumiza. Anakimbia na mdundo kama wanavyokimbia wote, ila kila akifika kwenye hesabu anasimamisha mziki kabisa, anataja tarakimu kwa utulivu: amekopa kiasi gani, amerejesha kiasi gani, anadaiwa kiasi gani. Kisha mdundo unarudi. Ubeti wa tatu alitaja vitu vilivyobebwa nyumbani kwa mama yake, jiko la gesi, kitanda, redio, na umati ukawa unamalizia orodha kabla yake, kwa sababu kila mtu anajua nyumba moja iliyobebwa hivyo. Wanawake wa vikoba waliokaa karibu nami walisimama wakatunza mpaka akaomba kofia ya kuwekea. Katika wote waliopitia maiki siku ile, huyu peke yake ndiye aliyejua maiki ni ya kazi gani.

Chakula sina neno. Pweza wa kukaanga wa buku, mihogo, na kwa wanaotumia, uraka ulikuwepo pembeni, mabibo yakiwa ndiyo msimu wake. Vyoo viwili kwa umati ule ni dharau. Bajaji za kurudi mjini usiku walipandisha nauli mara mbili, kwa hiyo panga usafiri wako mapema au uje na pikipiki.

Maksi? Vikundi nawapa tisa kwa kumi bila kusita. Waandaaji wanne, na hizo nne ni kwa sababu walijua wa kuwaalika. Mwakani wakianza na msanii wa flashi saa nane mchana na kumweka bibi wa Tandahimba saa mbili usiku, wakatenga eneo la mchanga kwa ngoma za kuchomeka, na Msimbati wakaruhusiwa kuumaliza wimbo wao, nitalipa hata kile kiti cha elfu tano. Ukienda wewe, usikae mbele ya spika. Nenda upande wa minazi wanakopashia ngoma.