Krimu ya kufukuza mbu (dawa yake ni DEET, 30%) ya Birere: inunueni, na mgonjwa naye apakwe

Nilinunua tyubu moja kwenye farmasi fulani ya Birere, mtaa wa Goma, franga elfu kumi, na inafanya kazi kabisa. Sisi hapa Goma maji ya bomba yanakuja yanapotaka, kila parseli iko na bido na mapipa, na mule njo Aedes anataga, yule mbu mwenye madoa meupe miguuni anauma mchana. Huyo chandarua haimuwezi sana, nani analala saa tisa mchana na watoto wako nje? Nikipaka, masaa kama matano hawanigusi.

Ila muuzaji hakuniambia kitu cha muhimu zaidi: mwenye homa ya dengue ao chikungunya, magonjwa ya virusi anayoeneza huyo Aedes, apakwe wa kwanza. Watu wanafikiri mbu anabeba virusi kama sindano chafu, anachoma huku anachoma kule. Hapana jamani! Kirusi kikifika tumboni mwa mbu na damu ya mgonjwa, lazima kwanza kiingie kwenye seli za utumbo wake. Cha dengue kiko na protini inaitwa E juu ya ganda lake, hiyo njo inajishika kwenye sukari na protini zilizo juu ya seli, seli inakimeza ndani ya kifuko kidogo, kifuko kinajaa asidi, asidi inageuza umbo la ile E, ganda la kirusi linaungana na ukuta wa kifuko na RNA yake, njo maagizo ya kutengeneza virusi vingine, inamwagikia ndani ya seli. Kinazaana, kinatoka, kinaenda mpaka kwenye tezi za mate, na safari yote ni kama wiki moja ao mbili, joto likizidi inakuwa fupi. Kisha huyo mbu anabaki nacho maisha yake yote. Kwa hiyo asipomuuma mgonjwa zile siku za kwanza damu imejaa virusi, utumbo wake hauna cha kupokea na majirani hawaambukizwi.

Kasoro: inayeyusha plastiki, kava ya simu yangu imenata vibaya sana, nawa mikono kwanza. Harufu kali. Maelezo hayana neno la Kiswahili hata moja, na mama anahitaji kujua kwamba mtoto chini ya miezi miwili hapakwi, na wakubwa kidogo usiwapake viganjani juu wanaweka vidole mdomoni.

Napa nyota 4 kwa 5. Angalieni tarehe ya kuisha kabla ya kulipa, na mapipa yafunikwe vizuri.