Simfonia za Zamani Kwenye CD: Utekelezaji Mmoja, Matoleo Matatu

Nimekuwa nikikusanya CD za rekodi za kale za simfonia (tungo ndefu za okestra, zilizogawanywa katika sehemu kadhaa) kwa takriban miaka kumi na miwili, na jambo ambalo ningependa kuwa nimeambiwa mapema ni kwamba jina la kiongozi wa okestra (sitamwita kondakta, msomaji asije akadhani kuna nauli inayodaiwa) halitoshi kukuhakikishia kwamba utasikia kile alichokifanya. Anayeamua ni fundi aliyehamisha sauti kutoka kwenye santuri au kanda.

Chukua Simfonia ya 9 ya mtunzi Mahler, ambayo Bruno Walter aliiongoza akiwa na okestra ya Vienna Philharmonic mbele ya hadhira tarehe 16 Januari 1938, miezi miwili kabla ya Austria kumezwa na Ujerumani ya Hitler. Ilitolewa kwanza kwenye santuri kumi za mizunguko 78 kwa dakika, hivyo msikilizaji wa siku zile alilazimika kuinuka kila baada ya dakika nne hivi ili ageuze upande. Leo muziki wote, wa dakika sabini hivi, unaenea kwenye diski moja. Toleo la kwanza nililonunua lilikuwa kimya mno. Fundi wake alifukuza mikwaruzo kwa bidii hata akafukuza na hewa ya ukumbini, vayolini zikasikika kana kwamba zimefunikwa blanketi, na pale mwishoni, ambapo ala za nyuzi hufifia kidogo kidogo hadi karibu na ukimya, sauti ilizimika kabla ya wanamuziki kumaliza. Toleo la pili limeiacha mikwaruzo. Mwanzoni inakera, lakini baada ya dakika chache sikio huizoea kama linavyozoea mvua juu ya bati, na nyuma yake unazikuta selo (ala kama vayolini kubwa za sauti nzito) zenye uzito wake, pumzi kati ya vifungu vya muziki, hata kikohozi cha hadhira. Hili ndilo ninalolisikiliza. La tatu nililinunua kwa tamaa tu, nami sina la kulitetea.

Rekodi za stirio zilizofanywa kwenye kanda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hazina mashaka mengi kiasi hicho. Simfonia za 4, 5 na 6 za mtunzi Tchaikovsky, alizorekodi kiongozi Yevgeny Mravinsky na okestra ya Leningrad Philharmonic mwaka 1960, bado zinanishtua kwa ukali wa tarumbeta zake, na mvumo mdogo wa kanda haunisumbui hata kidogo.

Usidanganywe na herufi AAD au ADD zilizochapishwa kwenye kasha. Zinaeleza tu ikiwa mashine zilizotumika kurekodi, kuchanganya na kuandaa nakala ya mwisho zilikuwa za analogi au za dijitali. Kuhusu usikivu wa aliyeziendesha, hazisemi neno.

Hasara yangu kubwa haikutokana na fundi wa sauti. Diski moja iliyotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1980 ilianza kugeuka rangi ya shaba ukingoni, kwa kuwa lakeri yake (rangi ya kinga inayopakwa juu ya metali) haikuweza kuhimili salfa iliyomo kwenye karatasi za kasha, na tabaka la metali linaloakisi mwanga likaliwa polepole. CD husomwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo sehemu ya mwisho ya simfonia ndiyo hufa kwanza: kwa muda mrefu nilisikiliza sehemu tatu za mwanzo bila kushuku lolote, hadi siku niliyofika ya nne nikakutana na milio kama ya mafuta yanayokaangwa. Tangu hapo, nikipata diski iliyotumika, huiinamisha kwenye mwanga nikague ukingo wake, kisha husikiliza sehemu ya mwisho kabla ya nyingine zote, na ikiwa bado ni nzima hutoa nakala kwenye kompyuta siku hiyo hiyo.