Uzoefu wangu: siku nne katika viwanja vya kuchezea vya Copenhagen

Mwanzoni mwa mwezi Julai nilikwenda Copenhagen, Denmark, kumtembelea kaka yangu, nikiwa na binti yangu wa miaka tisa, na tukaamua kutumia siku nne tukizunguka bustani na viwanja vya wazi ambavyo jiji hilo limevijenga kwa ajili ya mchezo. Hakuna hata kimoja tulichotozwa kiingilio. Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu wanaodhani kwamba safari ya Ulaya pamoja na mtoto lazima imalize akiba.

Mahali paliponigusa kuliko pengine pote ni Superkilen, katika mtaa wa Nørrebro wanakoishi watu waliotoka pande nyingi za dunia. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 2012, ina urefu wa takribani mita 750, na imegawanywa sehemu tatu: nyekundu, nyeusi na kijani. Katika sehemu nyeusi kuna mistari myeupe iliyochorwa ardhini, ambayo hujipinda inapokaribia kila kifaa kama maji yanavyolizunguka jiwe, na binti yangu aliifuata kwa mguu mmoja mpaka akamfikia pweza mkubwa mweusi kutoka Japani, ambaye mikono yake ni ya kutelezea. Vifaa vya hapo vilichaguliwa kwa kuwasikiliza wakazi wenyewe: bembea za Baghdad, chemchemi ya Moroko, ulingo wa ndondi wa Thailand. Vijana wawili wenye asili ya Palestina walisafirishwa hadi huko wakaleta udongo, nao umefanywa kilima kidogo ambacho watu hukikalia. Kando ya kila kifaa pana kibati kilichozamishwa ardhini kinachoeleza kilikotoka, kwa Kidenmark na kwa lugha ya huko. Mwaka 2016 bustani hii ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, na kwa maoni yangu iliistahili, kwa sababu ni nadra mgeni kuulizwa angependa kuona nini katika mtaa aliohamia.

Siku ya pili tulikwenda Nordhavn, eneo la bandari ya zamani, kwenye uwanja uliojengwa juu ya paa la jengo la maegesho ya magari, mita 24 kutoka ardhini. Ngazi zake nyekundu zimepachikwa nje ya jengo, na bomba jekundu la kushikia unapopanda halikomei juu, bali linaendelea kujikunja likawa bembea na vyuma vya kukwea, hivyo mchezo unakuwa umekwisha kuanza kabla hujafika. Nilishangaa zaidi kuwaona watu wazima, wengine wakiwa na mvi, wakiruka pamoja na watoto bila mtu kuwatazama kwa mshangao; nami nikavua viatu. Upepo wa bahari huko juu ni mkali hata wakati wa kiangazi, kwa hiyo mtoto avae koti.

Bustani ya Fælledparken ina kiwanja kilichoanzishwa mwaka 1974 ambamo watoto hujifunza kuendesha baiskeli kwenye barabara ndogo zenye taa na alama kama za kweli. Tulichelewa kufika, kwa kuwa duka tulilokodi baiskeli lilitupa ya mtoto isiyo na breki nzuri na ikatubidi turudi kuibadilisha. Nawashauri mkague kila kitu kabla ya kuondoka.

Kaka alinieleza kwamba desturi hii ya kuwajengea watoto viwanja vya mchezo ni ya siku nyingi. Mwaka 1943, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, mtaa wa Emdrup ulipata kiwanja ambacho watoto walijijengea wenyewe kwa mbao na mabaki ya vitu, wazo la mbunifu wa bustani C. Th. Sørensen, aliyekuwa ameona kwamba watoto hufurahia zaidi maeneo ya ujenzi kuliko viwanja alivyowatengenezea. Nilipolisikia hilo niliwakumbuka watoto wa mtaani kwetu wakitengeneza magari ya waya.

Jioni ya mwisho binti yangu aliomba turudi kwa pweza. Alimkuta msichana wa umri wake, wakacheza kwa muda mrefu bila lugha yoyote ya pamoja, nami nikakaa kwenye bembea ya Baghdad hadi saa tatu usiku, jua likiwa bado halijazama.